Habari za Tufaha: Asili Yake, Aina Zake, na Njia za Kulipanda na Kulila

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya tunda ambalo wengi wamelisikia kwa jina, na wengi wameliona sokoni limepangwa vizuri juu ya meza, lakini wachache ndio wajuao asili yake, na wachache zaidi ndio waliopata kulipanda likawazalia. Tunda hilo ni tufaha.

Huenda mtu akauliza, "Tufaha latuhusu nini sisi, wenye maembe, ndizi, mananasi na machungwa?" Swali hilo ni la haki, na jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, tufaha huuzwa katika miji yetu, na mengi huja kwa meli kutoka Afrika ya Kusini. Basi atoaye fedha yake yampasa akijue anunuacho. Pili, katika nchi zetu za milima, kama Lushoto katika Usambara, Njombe katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Kabale katika Uganda, na sehemu za baridi za Kenya, wako watu waliokwisha kupanda mitufaha ikazaa. Lakini mtu aweza pia kupanda mtufaha, akaupalilia na kuulinda miaka minane, asipate ila majani na kivuli. Tofauti baina ya hao wawili si bahati, bali ni maarifa. Na maarifa hayo ndiyo tutakayo kuyaeleza.

JINA LAKE

Kwanza tulitengeneze jambo la jina, maana limewachanganya wengi. Watu wa Unguja, Pemba na mwambao wana tunda lao waliitalo tofaa. Lina umbo la kengele, ganda jekundu, nyama nyeupe yenye maji mengi, na kokwa moja kubwa katikati. Na maua yake mekundu yanapopukutika, ardhi chini ya mti huwa kama imetandikwa zulia. Neno tofaa na neno tufaha yametoka katika neno moja la Kiarabu, nalo kwa Kiarabu ni jina la tunda la nchi za baridi. Watu wa pwani walipoona tunda jekundu lenye maji, wakalipa jina la tunda lile la mbali.

Lakini miti hii miwili si ndugu hata kidogo. Tofaa la pwani asili yake ni nchi za Kusini-Mashariki ya Asia, na jamaa zake ni mkarafuu na mpera. Tufaha ni wa ukoo wa waridi, na ndugu zake ni peasi, plamu na pichi. Ukitaka kuhakikisha, litazame ua la mtufaha: lina petali tano, nyeupe zenye wekundu kidogo, kama ua la waridi la mwituni. Kisha likate tunda kwa kisu katikati, si kutoka kikonyoni kwenda chini, bali kwa mzunguko wa kiuno chake. Utaona nyota yenye vyumba vitano, na katika kila chumba mbegu mbili au zaidi kidogo. Tofaa la pwani halina nyota hiyo. Katika mazungumzo haya, basi, tutasema tufaha tukiwa na maana ya tunda hili la nyota, na tofaa tutawaachia wenyewe wa pwani.

NCHI LILIKOTOKA

Watu wengi hudhani kwamba asili ya tufaha ni Ulaya. Sivyo. Katikati ya bara la Asia iko milima mirefu iitwayo Tian Shan, mipakani mwa Kazakhstan, Kirgizia na China. Katika mabonde ya milima hiyo mitufaha huota yenyewe msituni, kama miwanga na mikwaju iotavyo kwetu. Mji mkubwa ulio chini ya milima hiyo huitwa Almaty, na katika lugha ya Kikazakh neno alma maana yake ni tufaha. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alifika huko, akaona misitu hiyo, akasema kwamba hapo ndipo asili ya tufaha la bustani. Mwaka 2010 wataalamu walipokwisha kuzisoma chembe za urithi za tunda hili, waliona kwamba neno lake lilikuwa kweli.

Kutoka huko tufaha lilisafiri na misafara ya biashara iliyopita njia ya hariri kwenda Uajemi, Uyunani na Roma. Msafiri hula tunda na kutupa mbegu, na farasi naye hula na kuacha mbegu katika samadi yake. Hivyo njia ya misafara ikawa njia ya miti. Nasi twalijua jambo hili kwetu, maana ile miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji yatukumbusha misafara iliyokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo na maziwa.

Msitu ule wa Tian Shan sasa umepungua sana, kwa sababu ya kukatwa kwa miti na kupanuka kwa mashamba na miji, na mtufaha wa mwituni umeandikwa katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Kwa nini jambo hilo latuhusu, tutaliona mbele.

MBEGU HAIMZAI MAMA YAKE

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote katika habari za tufaha, na aliyelisahau jambo hili hupoteza miaka yake. Ukipanda punje ya mahindi meupe, utavuna mahindi meupe. Lakini ukila tufaha tamu, ukazipanda mbegu zake, hutapata tufaha lile tena.

Sababu yake ni hii. Ua la mtufaha kwa kawaida halikubali vumbi lake lenyewe, wala vumbi la ua la mti mwingine wa aina ile ile. Hutaka vumbi, yaani chavua, la mti wa aina nyingine, na nyuki ndiye mshenga alichukuaye. Kwa hiyo kila mbegu ina mama mmoja na baba mwingine, na mbegu za tunda moja huweza kuwa na baba mbalimbali. Tena tufaha limechanganya damu nyingi za kale, hata watoto wake hutofautiana kama watoto wa nyumba moja: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mpole, huyu mkali. Katika mbegu mia moja, nyingi zitatoa miti yenye matunda madogo, makali au machungu. Na mti wa mbegu huchukua miaka sita hata kumi ndipo uzae. Fikirini, basi, hasara ya mtu aliyetenga kipande kizuri cha shamba, akalinda miti yake miaka yote hiyo, kisha akaonja tunda la kwanza akalitema.

Watu wa kale walikwisha kulijua jambo hili, wakapata dawa yake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Dawa hiyo ni kupandikiza. Mkulima hukata kijiti chenye macho kutoka katika mti mwema, akakichonga upande mmoja. Kisha hukata shina la mche mwingine wa mtufaha, akalichonga vivyo hivyo, akaviunganisha hata utando wa kijani ulio chini ya gome la kijiti ukagusana na utando wa kijani wa shina. Hufunga kwa utepe na kuziba kwa nta, ili maji na hewa visiingie. Baada ya majuma machache, viwili vimekuwa kitu kimoja. Chini ni mizizi ya mche mmoja, na juu ni matawi ya mti mwingine. Na matunda yatakayozaliwa ni ya kijiti, si ya shina.

Kwa hiyo aina moja ya tufaha, hata ikiwa imeenea duniani kote, kwa kweli ni mti mmoja uliogawanywa vipande vingi, na kila kipande kikapewa mizizi mipya.

AINA MASHUHURI

Aina za tufaha zilizopewa majina ni maelfu. Katika bustani ya Brogdale, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, zimehifadhiwa aina zaidi ya 2,000. Hatuwezi kuzitaja zote. Tutachagua chache ambazo msomaji aweza kuziona sokoni au vitabuni.

Bramley ni tufaha kubwa la kijani, kali sana, la kupikia. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu katika mji wa Southwell, Uingereza, ukaota mti. Mwaka 1846 nyumba ile ikanunuliwa na mwuza nyama jina lake Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye, kijana mwenye kitalu cha miche, Henry Merryweather, akaomba vijiti vya mti ule ili aviuze. Bramley akakubali, lakini kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Basi aliyepanda hakutajwa, na aliyenunua nyumba ndiye ajulikanaye mpaka leo. Hayo hutokea duniani. Nasi tumemtaja msichana yule ili apate haki yake.

Cox's Orange Pippin ni tufaha la Uingereza vilevile, la kuliwa bichi, lenye harufu njema. Lilipatikana kwa mbegu iliyopandwa na Richard Cox, mtu aliyestaafu kazi ya kutengeneza pombe, katika kijiji cha Colnbrook, kati ya miaka ya 1825 na 1830.

Granny Smith ni la kijani mbichi, gumu, kali kidogo, nalo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Jina lake maana yake ni Bibi Smith, na bibi huyo alikuwako kweli. Maria Ann Smith alihama Uingereza akaenda Australia pamoja na mumewe, akalima huko Eastwood, karibu na Sydney. Mwaka 1868 aliwaonyesha watu mche uliokuwa umeota wenyewe karibu na kijito, mahali alipokuwa ametupa mabaki ya matufaha. Alifariki mwaka 1870, kabla tunda lake halijatoka nje ya jirani zake. Sasa huuzwa katika kila bara.

Golden Delicious ni la manjano, tamu, lenye ganda jembamba. Mti wake wa kwanza ulionekana katika shamba la wilaya ya Clay, jimbo la West Virginia, Marekani. Mwaka 1914 ndugu wa Stark, wenye kuuza miche, waliununua mti huo mmoja kwa dola 5,000, wakaujengea kizimba ili watu wasiibe vijiti. Hapo mwaweza kuona thamani ya kijiti kimoja.

Red Delicious ni jekundu sana, lenye umbo refu na vifundo vitano chini yake. Lilianzia jimbo la Iowa, Marekani, katika shamba la Jesse Hiatt. Uzuri wake ni wa macho kuliko wa ulimi, hasa likikaa ghalani siku nyingi. Ndipo nyama yake huwa kama unga.

Gala, kutoka New Zealand, ni dogo, tamu, lenye mistari myekundu juu ya manjano. Fuji, kutoka Japani, lilipewa jina mwaka 1962. Ni tamu sana na gumu. Cripps Pink, lenye rangi ya waridi, lilizalishwa na John Cripps katika Australia ya Magharibi mwaka 1973.

Sasa tazameni jambo moja. Golden Delicious ni mzazi wa Gala, na ni mzazi wa Cripps Pink. Red Delicious ni mzazi wa Fuji. Yaani meza ya mwuza matunda yaonekana ina wageni wa makabila mengi, kumbe wengi wao ni watu wa nyumba mbili tatu. Ugonjwa mpya ukiingia katika nyumba hizo, utawapata wengi pamoja. Ndiyo sababu msitu ule wa Tian Shan ni mali ya watu wote, hata ya mkulima wa Njombe. Katika miti ile ya mwituni imo nguvu ya kushindana na magonjwa, ambayo wataalamu huitafuta ili kuichanganya katika aina za bustani. Msitu ukikatwa, akiba hiyo hupotea, wala hakuna duka la kuinunua.

KWA NINI MTUFAHA HUKATAA KUZAA KATIKA NCHI ZA JOTO

Mtufaha ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kali. Wakati wa baridi hupukutisha majani yake yote, ukalala usingizi. Macho yake hayafunguki mpaka yamepita masaa mengi ya baridi. Aina nyingi za Ulaya hutaka kiasi cha masaa 1,000 chini ya digrii 7 za sentigredi. Hii ni hekima ya mti, maana kama ungefumbuka kwa siku moja ya jua katikati ya baridi, maua yangekufa kwa theluji. Lakini ukipandwa mahali pasipo na baridi ya kutosha, mti huo hukaa kama mtu aliyekosa usingizi: macho machache hufunguka, mengine hufungwa, maua hutoka moja moja, na matunda huwa haba.

Zimepatikana, hata hivyo, aina zisizotaka baridi nyingi. Iliyo mashuhuri ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na mzazi wake mmoja ni Golden Delicious yule yule. Ya pili ni Dorsett Golden, iliyopatikana katika visiwa vya Bahama. Hizi hutosheka na masaa 200 au 300 tu ya baridi. Tena hutoa maua wakati mmoja, kwa hiyo moja humpa mwenzake chavua. Wakulima wa Kabale wamezipanda zote mbili.

Iko pia hila nyingine. Katika milima ya Batu, kisiwa cha Java, nchini Indonesia, karibu na ikweta, wakulima hawaungoji mti ulale. Wakisha kuvuna, huyapukuchua majani yote kwa mikono. Mti hudhani kwamba majira ya baridi yamepita, ukatoa macho mapya na maua. Kwa njia hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini kazi hii huuchosha mti, na atakayeifanya lazima aupe samadi na maji ya kutosha.

KWA MTU ATAKAYE KUPANDA

Aliye pwani au katika nchi ya joto, twamwambia kwa upendo: usipoteze fedha yako, una maembe. Aliye katika nchi ya juu, zaidi ya mita 1,500 au, lililo bora, 1,800 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo usiku huwa baridi ya kutaka blanketi mbili, huyo na ajaribu kwa mpango huu.

Mosi, asipande mbegu. Anunue mche uliopandikizwa, na aulizie aina ya juu na aina ya shina la chini. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo mawili, asinunuliwe. Mche usio na jina ni kama barua isiyo na anwani. Kovu la kupandikiza huonekana kama kifundo, kidogo juu ya mizizi. Mche usio na kovu huenda umeota kwa mbegu tu. Yako mashina ya chini yanayofanya mti uwe mfupi na kuzaa mapema, miaka miwili mpaka minne. Mengi ya mashina hayo yalichaguliwa huko East Malling, Uingereza, nayo hujulikana kwa herufi M au MM na nambari, kama MM 106.

Pili, asipande mti mmoja peke yake. Apande angalau aina mbili zinazotoa maua pamoja. Mti mmoja wa Anna ukiwa mpweke, huweza kuchanua ukapendeza, kisha usizae matunda ya kutosha. Na aliye na mzinga wa nyuki karibu amepata vibarua wasiodai mshahara.

Tatu, achague mahali penye jua, pasipotuama maji, maana mizizi ya mtufaha huoza katika matope. Achimbe shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana ule ule, achanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Apande hali kovu la kupandikiza liko juu ya ardhi. Kama likifukiwa, kijiti cha juu kitatoa mizizi yake mwenyewe, na faida ya shina la chini itapotea.

Nne, asione huruma kukata. Matawi yanayopandana yakatwe, ili jua na hewa viingie katikati ya mti. Matawi yanayokwenda juu kama mikuki yavutwe kwa kamba mpaka yalale, kwa kuwa tawi lililolala huzaa upesi kuliko lililosimama. Na matunda madogo yakitoka matano katika kifundo kimoja, aache moja au mawili. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeacha matunda yote huvuna mengi madogo yasiyouzika, na mwaka wa pili mti uliochoka huweza kukosa kuzaa.

Tano, akaguekague mti wake. Akiona pamba nyeupe katika vifundo vya matawi, hao ni wadudu wafyonzao maji ya mti. Akiona madoa meusi kama vigaga juu ya majani na matunda, huo ni ugonjwa wa ukungu upendao mvua. Aokote majani yaliyoanguka ayachome, na amwite Bwana Shamba mapema, si baada ya mti kukauka.

KUCHUMA, KUCHAGUA NA KUWEKA

Tufaha lililoiva halivutwi kwa nguvu. Liweke katika kiganja, liinue juu, ulizungushe kidogo. Likiwa tayari litakuja pamoja na kikonyo chake. Alama nyingine ni mbegu: zikiwa nyeupe, tunda ni changa, zikiwa kahawia, limepevuka.

Sokoni, usichague kwa rangi tu. Lishike: liwe zito na gumu, bila bonde laini chini ya kidole. Nyumbani, liweke mahali pa baridi, nalo huweza kukaa majuma mengi. Katika nchi kubwa za biashara matufaha huwekwa miezi kadhaa katika maghala yasiyopitisha hewa, yenye baridi na oksijeni kidogo. Utaalamu huo ulifunuliwa Uingereza katika miaka ya 1920 na Franklin Kidd na Cyril West, walioonyesha kwamba tunda hupumua hata likiisha kuchumwa, na likipumua polepole, huzeeka polepole.

Tufaha hutoa pia hewa iitwayo ethilini, ambayo huivisha matunda. Mama zetu wanaovundika ndizi huziweka mahali pa kufunikwa ili joto na hewa hiyo visitoke. Ukitia tufaha moja lililoiva ndani ya mfuko wa ndizi mbichi, utaona zimeiva upesi zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, tufaha lililooza huyaharakisha mengine kuharibika. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Na tufaha ni hivyo hivyo. Kagua kapu lako kila siku chache, utoe lililoharibika.

NJIA ZA KULILA

Njia ya kwanza ni kulila bichi. Lioshe, ulile pamoja na ganda lake, maana katika ganda ndimo mna sehemu kubwa ya nyuzi zinazosaidia tumbo. Mbegu usizitafune wala kuzisaga, kwa sababu zina kitu kinachoweza kutoa sumu. Mbegu moja mbili zikimezwa nzima hazidhuru. Ukilikata, nyama yake hugeuka kahawia kwa kupatana na hewa. Ipake maji ya ndimu, haitageuka upesi.

Njia ya pili ni kulichemsha. Menya matufaha manne, yakate vipande, tia katika sufuria pamoja na nusu kikombe cha maji, sukari vijiko viwili, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili. Funika, weka juu ya moto mdogo mpaka yalainike. Chakula hiki huwafaa wagonjwa na watoto wadogo, bali mtoa mdalasini na karafuu kabla ya kuwapa.

Njia ya tatu ni kulioka. Toa moyo wa tufaha kwa kisu bila kulipasua, jaza tundu lake kwa zabibu kavu, sukari na siagi kidogo. Yapange katika sufuria yenye maji ya kufunika chini tu, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko na kuacha moto mdogo chini, kama upikavyo mkate wa kumimina. Baada ya nusu saa hivi, ganda hupasuka na harufu hukuambia kwamba tayari.

Njia ya nne ni kuweka akiba. Matufaha makali hufaa kwa achari, pamoja na vitunguu, tangawizi, pilipili, sukari na siki. Maganda na mioyo yake, iliyotolewa mbegu, ikichemshwa na kuchujwa, hutoa maji yenye pektini, kitu kinachofanya jamu igande. Mapera nayo yana pektini nyingi, na matunda haya mawili hupatana katika chungu kimoja. Vipande vyembamba vilivyochovywa katika maji ya ndimu huanikwa juani juu ya ungo safi, vikafunikwa chandarua kwa ajili ya nzi. Maji yake nayo hunywewa kama sharubati, na yakichachushwa mpaka mwisho huwa siki.

NENO LA MWISHO

Twapenda kumaliza kwa neno la haki. Watu wengine humnunulia mgonjwa tufaha kwa bei kubwa, wakidhani kwamba tunda la mbali lina nguvu kuliko la nyumbani. Tufaha ni chakula chema, lakini sehemu yake kubwa, kama 85 katika 100, ni maji. Katika gramu 100 za tufaha mna kiasi cha miligramu 5 tu za vitamini C. Katika gramu 100 za pera mna zaidi ya 200. Basi mama mwenye mpera uani ambaye hana fedha ya tufaha asijione maskini. Mtoto wake hakukosa kitu.

Lakini wewe uliye juu ya mlima, mwenye baridi ambayo wengine hawana, huenda baridi hiyo ndiyo mali yako. Anza na miche miwili yenye majina, si ishirini isiyo na majina. Andika katika daftari siku uliyoipanda, siku ilipochanua, na idadi ya matunda uliyochuma. Jirani yako atakapokuja kuuliza, usimpe mbegu. Mpe kijiti, umwonyeshe na namna ya kukipandikiza.